Fizikia ku sekondari: mtihani unauliza hesabu, hauulizi kama mtoto ameelewa

Siku matokeo ya Exetat yanatoka, kila mtu mu miji yetu ya mashariki anajua. Poda nyeupe juu ya vichwa, pikipiki zinapiga honi toka asubuhi, wazazi wanacheka. Mwenye kupata 50 kwa mia ao zaidi ameshika diploma. Siku ile hakuna mtu anayeuliza kama kijana aliyemaliza sehemu ya sayansi anaelewa ju ya nini jiwe linaanguka, ao ni kitu gani kinapita ndani ya waya wa umeme. Na mtihani wenyewe, kwa sehemu kubwa, haukumuuliza vile.

Exetat iko toka 1967. Maswali ya sayansi ni ya kuchagua: swali moja, majibu kadhaa chini yake, mwanafunzi anatia alama ku moja. Upande wa fizikia, mara nyingi swali linaleta namba: masi ni kadhaa, urefu ni kadhaa, wakati ni kadhaa, tafuta mwendo. Mwanafunzi anatafuta fomula, anaingiza namba, anapata jibu. Aliyezoea anakwenda mbio sana, hata hajamaliza kusoma swali mkono umekwisha kuandika fomula. Ndiyo sababu maswali ya miaka iliyopita, yale watoto wanaita "items", yanapigwa fotokopi kila mwaka na kuuzwa karibu na masomo. Kurudilia si kosa. Lakini mwenye kurudilia items mia mbili anaweza kufaulu bila kujua fomula ile inasema nini juu ya dunia anamotembea.

Shida hii si ya Congo peke yake, na waliipima zamani. Katika 1992, huko Marekani, David Hestenes na wenzake wawili, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, walitoa mtihani mufupi juu ya nguvu na mwendo, unaoitwa Force Concept Inventory. Leo uko na maswali 30. Hakuna hesabu ndani yake, na hauombi fomula hata moja. Unauliza mambo kama haya: vitu viwili, kimoja kizito kuliko kingine, vinaachiliwa pamoja toka juu, ni kipi kitafika chini mbele? Waalimu wengi waliona ni mtihani wa watoto wadogo. Kisha wakaupatia wanafunzi wao, wakashtuka.

Mmoja wao ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia ku chuo kikuu cha Harvard. Wanafunzi wake walikuwa wakifanya hesabu ngumu bila shida. Alipowaletea maswali yale mepesi, mwanafunzi mmoja alimuuliza ajibu namna gani: kufuata yale mwalimu alifundisha, ao kufuata namna yeye mwenyewe anavyofikiri? Swali lile lilionyesha kila kitu. Kichwa cha mwanafunzi kilikuwa na fizikia mbili: moja ya mtihani, ingine ya maisha, na hazikuwa zimekutana hata siku moja.

Ule mtihani wa Hestenes nao ni wa kuchagua jibu, sawa na Exetat. Tofauti iko ku majibu ya uongo. Katika Exetat, jibu la uongo mara nyingi ni namba ingine tu: kijana amekosea kugawanya, ao amesahau kugeuza kilomita kuwa mita. Katika ule wa Hestenes, kila jibu la uongo ni wazo ambalo watu wanalo kweli, lile wanatoka nalo nyumbani. Mwalimu akiona darasa zima limechagua jibu la tatu, anajua palepale ni wazo gani liko linawashika. Namba ya uongo haimwambii kitu. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kupima kuelewa kunaomba makuta mengi ao mashini. Karatasi ni ileile, na kusahihisha ni kulekule. Kinachobadilika ni kile tunachouliza.

Tuchukue chukudu. Mtu anasukuma chukudu yenye magunia ya makala ku barabara ya tambarare, mwendo uleule, haongezi, hapunguzi. Nguvu anayosukuma nayo iko kubwa kuliko nguvu ya msuguano inayorudisha nyuma, ao ziko sawa? Uliza hata mtu mwenye diploma. Wengi watasema ya msukumaji ni kubwa, la sivyo chukudu ingesimama. Jibu ni kwamba ziko sawasawa. Kama ya msukumaji ingekuwa kubwa, chukudu ingeendelea kuongeza mbio. Newton aliandika hivyo katika 1687, na kila mwanafunzi wa sayansi ameandika sheria yake ya kwanza mu daftari, kwa Kifaransa kizuri, na kuipigia mustari chini. Lakini mu kichwa anabaki na wazo la zamani: ili kitu kitembee, lazima nguvu imsukume kila wakati. Anayepiga kasia ku Ziwa Kivu angeweza kumsaidia, maana pirogi inaendelea kuteleza hata kasia ikiwa imetoka mu maji. Kinachoisimamisha ni maji.

Swali lingine. Lori kubwa limegonga pikipiki. Nani alimpiga mwenzake kwa nguvu zaidi? Karibu kila mtu anajibu lori. Kwa kweli nguvu ni sawa pande zote mbili. Pikipiki inaharibika na kutupwa mbali ju masi yake ni ndogo, kwa hiyo nguvu ileile inabadilisha mwendo wake kwa ukali zaidi.

Na hapa si mambo ya daftari tena. Kijana anayemaliza sekondari leo, kesho yuko motari. Mu daftari lake aliandika kwamba nishati ya mwendo inapanda na mraba wa mwendo. Maana yake: akitoka ku kilomita 30 kwa saa akafika 60, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini pikipiki itahitaji urefu mara ine ili isimame, kwa freni zilezile na barabara ileile. Ni fomula anayoijua kwa moyo. Ni wangapi walipata mwalimu aliyewauliza: basi, mtoto akivuka ghafula mbele yako, utasimamia wapi?

Kuna na shida ya maneno, na hii inatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Masomo ya sekondari ni kwa Kifaransa. Kifaransa kinatenga force, énergie na puissance, na kila moja iko na kipimo chake. Nyumbani tunasema "nguvu" kwa zote tatu: nguvu ya mtu, nguvu ya batri, nguvu ya motere. Masse na poids, zote tunaita "uzito", na sokoni tunapima uzito kwa kilo, wakati fizikia inasema kilo ni ya masi na uzito unapimwa kwa njutoni. Neno "courant" ndilo linatesa kabisa. Mu miji yetu, courant ni kila kitu: umeme wenyewe, volti, unité za kompteri, hata mwangaza. "Courant imekatika", "courant iko kidogo leo". Kisha mwalimu anaingia darasani na kusema courant inapimwa kwa ampere na tension kwa volti, na darasa linaandika. Kuandika kumefanyika, lakini neno la nyumbani limebaki na maana yake ya nyumbani. Mwalimu anayetumia dakika tano kusema wazi, kwa Kiswahili, kwamba "nguvu" ya pale mtaani ni vitu vitatu tofauti, anafanya kazi ya fizikia kabisa, hata kama inspekta ataona si lugha ya programu.

Swali la umeme ni hili: balbu mbili zinazofanana zimefuatana ku waya mmoja, toka ku batri. Ile ya pili inapata courant ndogo kuliko ya kwanza? Wengi wanajibu ndiyo, ju ya kwanza "imekwisha kula". Jibu ni hapana. Courant haiishi njiani, ni ileile kotekote mu njia ile moja, na balbu zote mbili zinawaka sawa. Kinachoachwa ku kila balbu ni nishati. Mwenye kuamini kwamba courant inaliwa hawezi kuelewa ju ya nini waya wa nyumba unapata moto. Nyumbani vyombo havifuatani ku mustari mmoja. Kila kimoja kinaongeza courant yake ku waya mkubwa unaoingia. Resho ya wati 1000 ku volti 220 inavuta karibu ampere 4 na nusu. Resho mbili, 9. Na joto linalotoka ndani ya waya linapanda na mraba wa courant: courant mara mbili, joto mara ine. Ni hesabu ileile ya pikipiki. Waya ni mwembamba, fyuzi imeondolewa na pahali pake wametia kipande cha shaba "ili isisumbue", nyumba ni ya mbao. Bukavu inajua moto wa nyumba za mbao, Kadutu hasa. Si kila moto unatoka ku umeme, hapana. Lakini anayeitwa kufunga waya mu mitaa ile mara nyingi ni kijana wa jirani aliyesoma fizikia miaka mingi.

Jikoni nako kuna mtihani. Maji yanachemka ku digri ngapi? Mwanafunzi atajibu 100 bila kufikiri, na anasahau maneno yaliyofuata mu kitabu: kwa presio ya kawaida, ile ya usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu, na hapo maji yanachemka karibu na digri 95. Ndiyo sababu moja ya maharagi kukawia. Tena yakiisha kuchemka, kuongeza makala hakuongezi digri hata moja, kunamaliza maji mbio tu. Moto mudogo unaoshika mchemko unatosha. Kwa mama anayenunua makala kwa kikopo, hilo ni jambo la makuta.

Mtu atauliza kama mwalimu wa kwetu anaweza, darasa la watoto sitini, bila labo. Mazur alibadilisha namna yake bila labo. Anauliza swali moja la kuelewa, kila mtu anachagua jibu peke yake, bila kusema. Kama wengi wamepata, anaendelea. Kama karibu wote wamekosa, anafasiri upya. Kama wamegawanyika, anawaambia wabishane na majirani zao dakika chache, kisha wanachagua tena. Huku kwetu vidole vinatosha: kidole kimoja jibu la kwanza, viwili la pili, mkono ukiwa karibu na kifua ili jirani asiige.

Katika 1998, Richard Hake alitoa hesabu za wanafunzi 6,542 katika madarasa 62 ya fizikia huko Marekani, ya sekondari na ya vyuo. Madarasa ambamo mwalimu anasema na watoto wanaandika yalipata, kwa wastani, 23 tu kwa mia ya kile kilichobaki kueleweka mwanzoni. Yale ambamo watoto wanajibu na kubishana yalipata 48. Ni masomo ya Marekani, na hesabu hizo si za Kivu wala za Ituri. Lakini wazo la kwamba kitu kizito kinaanguka mbele lilikuwa mu vichwa vya watoto kule sawa na hapa.

Kuchukua ule mtihani wa kigeni na kuutupa darasani haitafaa. Ndani yake kuna maswali juu ya kisahani cha hoki kinachoteleza, mchezo ambao mtoto wa Beni hajauona. Waalimu wenyewe, mu mikutano yao ya unité pédagogique, wanaweza kuandika maswali kumi ya chukudu, pirogi na kompteri. Kazi ngumu ni kutafuta majibu ya uongo. Inabidi kusikiliza watoto kwanza, na kuandika vile wanavyosema kweli.

Kinachozuia kiko wazi. Programu ni ndefu, na wakati umekatwa. Goma mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, masomo yalisimama, na pengine mapigano yamefunga milango ya masomo mara nyingi kuliko pale. Mwalimu aliyebaki nyuma anakimbilia fomula, ju ndizo zinaulizwa. Wazazi nao wanahesabu asilimia. Hakuna wa kumlaumu mwalimu yule: anafundisha kufuata mtihani, kama mwalimu yeyote angefanya. Kwa hiyo mlango uko kwa wanaotunga maswali ya taifa. Ku maswali ya fizikia ya mwaka mmoja, wakitia matatu tu yasiyo na namba, yenye majibu ya uongo yaliyotoka kinywani mwa watoto, mwaka unaofuata fotokopi za items zitakuwa nayo, na waalimu watalazimika kuyafasiri.

Mpaka hapo, inspekta akipita anaangalia journal de classe na fishi ya matayarisho. Mule mwote anaweza kuona kwamba sheria ya kwanza ya Newton ilifundishwa, tarehe gani na saa ngapi.