JOKER ALIPOONGEA KAMA MNUNUZI WA DHAHABU

Mwenzio nimetua Katoro, Geita, kumsalimia mjomba wangu ambaye ni mchimbaji mdogo. Nimetoka Shinyanga na nauli ya kwenda tu, kwa hiyo msiniulize narudi lini.

Jumamosi jioni mjomba akanipeleka kibanda umiza. Mkanda wenyewe? Katuni ya Batman! Nikasema moyoni, watu wazima na matope yao ya duarani wanaangalia katuni? Kumbe mshamba ni mimi.

Ilikuwa ile sehemu iitwayo "Joker's Favor", iliyoonyeshwa Marekani mara ya kwanza Septemba 1992. Mlalahoi mmoja, Charlie Collins, anatoka kazini kachoka, gari linamchomekea barabarani, anatukana. Lo! Dereva ni Joker, jambazi lililoshindikana. Charlie analia ahurumiwe. Joker anamwachia, ila kuanzia hapo ana deni lake. Charlie anahama mji, anabadili jina, wapi! Miaka miwili baadaye simu inalia: njoo ulipe.

Kule kwao Joker ni sauti ya Mark Hamill. Batman ni Kevin Conroy, aliyefariki 2022. Huyu alikuwa na sauti mbili: nyepesi akiwa tajiri Bruce Wayne, nzito akivaa kinyago. Waigizaji walirekodi pamoja chumba kimoja, ndiyo maana wanajibizana kama watu wa kijiweni.

Katoro nako chumba ni kimoja, ila na mtu ni mmoja! Mtafsiri kashika maiki anawafanya wote, kama alivyotuzoesha Lufufu enzi za kanda za video. Joker kampa sauti ya mnunuzi wa dhahabu, tamu kama asali huku kidole kiko kwenye mzani. Charlie kampa Kiswahili chenye Usukuma mtupu: "Namhala, nihurumie, nina watoto!" Kibanda kizima mbavu hatuna.

Mjomba peke yake hacheki. Kumbe kuna bwana aliyemkopesha chakula cha duarani. Kila ukifika mgao wa mawe, bwana anabeba viroba vyake, na deni haliishi. Hesabu yenyewe mjomba hajawahi kuonyeshwa.

Mwishoni Charlie anambana Joker uchochoroni na bomu la Joker mwenyewe: kama ni kufa, tufe wote. Jambazi lote lile linapiga yowe Batman aje kuliokoa! Hapo mtafsiri akaikata ile asali, sauti ikawa ya mbuzi aliyeona kisu. Na bomu lenyewe kumbe la mchezo tu.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Njiani akaniuliza, "Hivi wewe mjomba, hesabu unazijua?" Nikamwambia cheti cha fomu foo si cha kufungia maandazi.

Basi leo Jumapili tumekaa na daftari, tunaandika mgao mmoja baada ya mwingine. Kesho tunakwenda kwa bwana mkubwa kuomba hesabu. Bomu hatuna, kalamu tunayo.

Ilivyokuwa nitawasimulia wiki ijayo, nikipata nauli.