SHULE SI SHAMBA LA MTU MMOJA



Tulidai vyama vingi kwa sababu tulikataa mtu mmoja kuwa mchezaji, mwamuzi na mwenye mpira. Watu wa Kisumu walimwaga damu Oktoba 1969, siku chache kabla ya chama cha KPU kupigwa marufuku. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na mchana kweupe mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilipofutwa katika katiba, tulidhani utawala wa mtu mmoja umezikwa. Haukuzikwa wote. Umejificha mahali ambapo wengi wetu hatutazami: katika ofisi ya shule, penye kitabu cha hundi.

Fedha ambazo serikali hutuma shuleni si zawadi ya waziri wala hisani ya mbunge. Ni kodi ya mchuuzi wa omena, ya mkulima wa mpunga wa Ahero na ya kijana wa bodaboda wa Kondele. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na 370 za matumizi mengine ya shule. Kwa shule za upili za kutwa, kiwango kilichowekwa mwaka 2018 ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi. Zidisheni kwa idadi ya wanafunzi, mtaona kwamba shule ya kawaida huendesha fedha nyingi kuliko maduka mengi ya mjini.

Kwa hiyo sheria imeweka uzio. Ibara ya 227 ya Katiba ya 2010 yataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye thamani kwa fedha zilizotumika. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inaeleza njia. Shule iwe na mpango wa ununuzi wa mwaka. Bei ziombwe kwa wauzaji wasiopungua watatu wanaposhindanishwa kwa barua za bei. Kamati izipime bei hizo, na kamati nyingine ikague na kuhesabu mali inapofika. Ununuzi mmoja usikatwekatwe vipande ili kukwepa zabuni, na bidhaa za kawaida zisinunuliwe kwa bei iliyopita ile ya soko.

Tazameni hekima ya mpango huu. Anayeagiza si anayechagua peke yake, wala anayechagua si anayepokea peke yake. Hii ndiyo siasa ya vyama vingi iliyoingia darasani. Barua tatu za bei ni wagombea watatu, kamati ni wapiga kura, na daftari la stoo ni hesabu ya kura.

Lakini ni mara ngapi uchaguzi huu umeibwa? Mfanyabiashara mmoja huandika barua tatu za bei kwa majina matatu, zote kwa mwandiko mmoja na simu moja, kisha hushindana na kivuli chake mwenyewe. Madawati 200 hugawanywa kuwa maagizo manne ya madawati 50, ili zabuni isiitishwe. Mafundi wa Kibuye, wanaopiga randa juani tangu alfajiri, hawaulizwi bei, ilhali kampuni ya mkobani isiyo na msumari wala karakana inapewa kazi, kisha yenyewe inakwenda Kibuye kununua dawati lile lile na kuliongezea faida njiani. Wajumbe wa kamati huletewa karatasi ziwekwe sahihi baada ya mali kuliwa. Kwenye faili kila kitu kimetimia: barua tatu, muhuri, vocha na risiti. Sheria imefuatwa kwa wino na kuvunjwa kwa vitendo. Huu ni mlolongo wa 1988 uliohamia shuleni, na tunaukataa kama tulivyoukataa ule.

Wako watakaotujibu kwamba fedha za serikali huchelewa, na watoto hawawezi kulishwa kanuni. Ni kweli, na lawama hiyo hatuifichi. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, mwana wa ukanda huu huu wa ziwa, aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haina uwezo wa kutoa kiwango kamili kwa kila mwanafunzi. Mwalimu mkuu anayekopa unga na maharagwe ili shule isifungwe anastahili huruma yetu. Lakini mkopo huo nao una bwana wake: anayekopesha ndiye anayepanga bei. Fedha zikiwa chache, ndipo kila shilingi inahitaji macho mengi zaidi. Mwenye kibaba kimoja cha unga hakigawi gizani.

Tena tukumbuke yaliyotupata katika vitabu. Shule zilipewa uwezo wa kujinunulia vitabu kupitia kamati zao wenyewe. Baadhi ya walimu wakuu na wauza vitabu wakala njama, fedha zikatoka na vitabu visifike. Kuanzia Januari 2018 serikali kuu ikaushika ununuzi huo, ikawa inanunua moja kwa moja kwa wachapishaji. Vitabu viliwafikia watoto wengi zaidi, hatukatai. Lakini mzazi wa Nyalenda alipoteza uwezo wa kuuliza, kwa maana anayenunua yuko Nairobi. Na je, Nairobi ni kwa malaika? Mwishoni mwa 2009 Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa elimu yetu kwa sababu ya wizi katika wizara yenyewe, na ukaguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulitaja zaidi ya shilingi bilioni 4. Kila shule inayochezea kanuni humpa mkubwa wa mbali sababu ya kutunyang'anya mamlaka tuliyoyadai miaka mingi.

Dawa ipo, na majirani zetu walio ng'ambo ya ziwa wameijaribu. Nchini Uganda, uchunguzi wa fedha zilizotumwa kati ya 1991 na 1995 uligundua kwamba asilimia 13 tu ya ruzuku ya shule za msingi ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu ukutani. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Mwizi hapendi kusomwa.

Basi madai yetu ni haya. Kila shule ya umma ibandike mahali pa wazi fedha ilizopokea na tarehe yake, ilichonunua, kwa nani na kwa bei gani. Barua za bei zifunguliwe mbele ya wajumbe, si chumbani kwa mtu mmoja. Wazazi walio katika bodi waone mali kwa macho yao kabla ya kutia sahihi, na wasioiona wasitie. Mafundi na wauzaji wa mtaa waalikwe kushindana. Nasi wananchi tutumie Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: tuandike barua ya kuomba hesabu, na shule inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, Tume ya Haki ya Utawala ipo kwa malalamiko yetu.

Mwalimu mkuu mwaminifu hana la kuogopa katika madai haya, kwani ukuta wenye hesabu ni shahidi wake siku atakaposingiziwa. Anayetetemeka ni yule aliyezoea kujipigia kura mwenyewe.

Tuliulinda mkebe wa kura usiku kucha. Tusishindwe kulilinda dawati la mtoto wetu mchana.