Wadosi, Acheni Kujiita Simba

Haya jameni, leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Leo nina hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Kila kampuni niliyofanyia kazi imenipeleka semina kule Naivasha. Kila semina ina bwana mmoja aliyevaa tai na kushika maikrofoni. Na kila bwana wa tai ana picha ya simba. Simba ananguruma, na bwana anawaambia wakurugenzi wawe wakali, watawale, wasiwahurumie wanyonge. Watu wanapiga makofi, tunakunywa chai ya saa nne, tunarudi Nairobi. Jumatatu mdosi anaanza kunguruma.

Swali langu ni dogo tu: huyu bwana amewahi kumtazama simba? Wanaowinda zaidi ni majike, tena kwa kushirikiana, na mara nyingi windo huwaponyoka. Dume mwenye manyoya mengi shingoni hushinda amelala sehemu kubwa ya siku. Akija dume mwingine mwenye nguvu kumshinda, humfukuza, na mara nyingi huwaua watoto aliowakuta. Kama huo ndio mfano wa uongozi, basi nimeelewa kwa nini kila meneja mpya huanza kwa kuua miradi ya aliyemtangulia!

Sisemi kwamba maumbile hayana somo. Yanayo, tena mazito. Ila hayako kwenye picha za semina.

Anza na sisimizi. Katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani kuna sisimizi wanaovuna mbegu. Wana malkia, lakini usidanganywe na jina. Kazi yake ni kutaga mayai. Haitishi mkutano, haweki sahihi, hampangii yeyote zamu. Sasa nani anaamua leo watoke wangapi? Anayeamua ni yule anayerudi. Sisimizi aliye kiotani hungoja kukutana na wenzake wanaoingia na mbegu. Wakiingia kwa haraka, maana yake chakula kipo, na wengi zaidi hutoka. Wakikawia, wanaotoka hupungua. Ndani ya jua kali kutoka bure ni kupoteza maji ya mwili, kwa hivyo hesabu hii ni ya kufa na kupona.

Mwaka 2012 Deborah Gordon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo mtaalamu wa tarakilishi Balaji Prabhakar, walionyesha kwamba hesabu hiyo inafanana sana na TCP, ile itifaki inayosafirisha data kwenye intaneti. Mnaijua: tarakilishi hutuma pakiti, kisha hungoja taarifa kwamba zimepokelewa. Taarifa zikirudi vizuri, huongeza kasi. Zikikawia au zikipotea, hupunguza. Vint Cerf na Bob Kahn walieleza msingi wa itifaki hiyo mwaka 1974, na sisimizi walikuwa wameshatumia ujanja kama huo muda mrefu kabla ya kuwepo tarakilishi yoyote.

Sasa linganisha na ofisi zetu. Dada wa kaunta anasikia malalamiko ya wateja kuanzia saa mbili asubuhi. Anamwambia msimamizi, msimamizi anamwandikia meneja, meneja anangoja kikao cha Alhamisi. Kabla habari haijamfikia mdosi, imeoshwa na kupigwa pasi hadi inanukia. Mdosi anaagiza tuongeze kasi. Kwa lugha ya mtandao, huyo ni mtumaji anayezidi kumwaga pakiti huku hasikii jibu lolote. Mtandao wa namna hiyo husongamana hadi ukasimama.

Somo la pili liko hapa nyumbani, Amboseli. Ndovu wa pale wamefuatiliwa tangu mwaka 1972, utafiti ulioanzishwa na Cynthia Moss. Mwaka 2011 Karen McComb na wenzake walichapisha jaribio ambalo ningependa kila ofisi ya uajiri ilisome. Waliwachezea ndovu sauti za simba zilizorekodiwa. Familia zilizoongozwa na majike wazee zaidi ndizo zilizotambua vizuri tofauti kati ya ngurumo ya dume na ya jike, na kujikusanya pamoja ilipokuwa ya dume, ambaye ni hatari zaidi kwa ndama. Viongozi vijana walisikia ngurumo ileile, ila hawakuielewa vile.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilimwachisha kazi mzee wetu wa hifadhidata. Sababu? Mshahara wake ungetosha kuajiri vijana wawili. Mimi nilikuwa mmoja wa hao vijana wawili, na nilifurahi.

Mwisho wa mwezi mfumo wa malipo ukakwama. Tukazima seva, tukaiwasha. Mara tatu. Kila tulipoiwasha, wateja wengine walikatwa pesa mara ya pili. Saa sita usiku tukampigia mzee simu. Akapokea, akatuuliza swali moja, akatueleza la kufanya, na katika dakika chache mambo yakatulia. Kumbe kila mwisho wa mwezi alikuwa akisafisha jedwali moja kwa mkono kabla ya kufunga hesabu. Jambo hilo halikuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakudai hata shilingi. Asubuhi mdosi aliandika barua pepe ya kuipongeza "timu". Jina la mzee halikuwemo.

Najua mtanijibu: kampuni si kichuguu, na mtu si sisimizi. Kweli kabisa! Mtu ana mkataba, ana watoto, ana haki. Mdosi akikuonyesha nyuki ili ufanye kazi ya ziada bila malipo, kataa. Anaiba mfano kama wanavyouiba wa simba. Ninachodai si kwamba tuishi kama wadudu. Nadai kwamba anayetaka kujifunza kwa maumbile ayatazame kwanza, hasa pale yanapompinga.

Basi mdosi, kabla ya kulipia semina nyingine, jiulize maswali mawili. Nani amerudi kutoka nje leo, na nimemsikia mwenyewe? Na nani hapa amekaa miaka mingi, ana nini kichwani ambacho hakijaandikwa?

Ukishayajibu, na bado unatamani kuwa simba, hakuna haja ya kwenda Naivasha. Mbuga ya Nairobi iko pale barabara ya Lang'ata. Nenda ukamwone simba mwenyewe. Huenda utamkuta amelala.