Bei ya Udongo, Kazi ya Jiwe

Kuna maneno matatu nayachukia kuliko yote kwa mjengo: "Ni mtaro tu." Anayeyasema huwa amesimama kwa veranda na kikombe cha chai, na sururu hajawahi kuishika.

Mwezi jana mimi na binamu yangu tulipata kazi Rongai. Mdosi anataka nyasi yake ijimwagilie maji, mabomba yapite chini ya ardhi, vinyunyizio vichomoze asubuhi vizunguke vyenyewe. Mita 60 za mtaro, kina cha futi moja, shilingi 100 kwa mita. Tukapiga hesabu haraka: siku mbili, elfu tatu kila msee. Poa sana.

Udongo mweusi uliisha kabla jembe lizame hata nusu. Chini yake ni mwamba. Si kokoto, wasee, ni lava yenyewe, iliyomwagika ikaganda mamilioni ya miaka iliyopita wakati Bonde la Ufa lilikuwa linapasuka. Sururu inapiga, inaruka, inarudi na cheche. Unatafuta ufa kwa mtaimbo, unapiga nyundo dakika 20, kinatoka kipande cha ukubwa wa mkate. Na hivyo vipande vina makali! Kimoja kilimkata binamu juu tu ya jicho. Miwani ya kujikinga? Tuliambiwa tungekuja na zetu.

Siku mbili zikawa sita. Elfu sita kwa watu wawili, siku sita: mia tano kwa siku. Toa nauli, toa chapo madondo, toa mpini wa sururu uliovunjika siku ya tatu. Tulipomwomba mdosi aongeze, akasema, "Vijana, si tulikubaliana?"

Tulikubaliana, ndio. Na najua kuna mtu ataandika hapo chini kwamba makubaliano ni makubaliano, tungekagua kwanza. Hapo mnanipata. Tulikuwa na njaa ya kazi, hatukukagua. Lakini mdosi alijua. Nyumba ni yake! Shimo la choo lilipochimbwa, alilipia kompresa ya kuvunja mawe, na alituhadithia mwenyewe vile ilimtoa pesa. Yaani mashine ikikutana na mwamba, bei inapanda. Mkono wa kijana ukikutana na mwamba huohuo, bei inabaki ya udongo. Nielezeni hiyo hesabu.

Na si eti nadai kitu kipya. Kwa miradi mikubwa, mkadiriaji majenzi huandika kuchimba mwamba kando na kuchimba udongo, na mwamba unalipwa zaidi. Wachimba vyoo wa mtaani pia wanajua: futi za chini si bei ya futi za juu, na jiwe likitokea mnakaa chini mnaongea upya. Ni sisi wa mitaro midogo ndio tunachukuliwa kama mafala.

Kitu kingine ni hizo video. Mdosi alituonyesha moja ya Florida, mashine inakata mtaro kama kisu kwa keki. Boss, Florida ni mchanga! Hapa hata hiyo futi moja haikuwa lazima kila mahali. Bomba la nyasi linazikwa ili jembe na magurudumu yasiliguse. Ungelipitisha kando ya ukuta, au uongeze udongo mwekundu juu ya mwamba, na mtaro wa kuchonga ungepungua sana. Tulimwambia. Akasema anataka vile video inaonyesha. Sawa, lakini anayetaka kuchonga mwamba kwa sababu ya urembo alipe bei ya kuchonga mwamba. Na alipie pia mchanga wa kulaza bomba, maana ukiliweka juu ya hayo makali litatoboka. Huo mchanga sisi tuliubeba kwa karai, bure.

Sasa tunatembea na nondo ya futi mbili. Kabla bei itajwe, tunaigonga ardhini kila mita tatu, mwenye ploti akiwa amesimama hapo anasikia. Ikizama, bei ya udongo. Ikigonga, bei ya jiwe, na tunaandika kwa simu, anatuma "sawa" kabla tuanze. Jumamosi tulifanya hivyo Kitengela. Mama mwenye nyumba alisikia nondo ikigonga mara nne, akacheka, akasema hiyo nyasi ikae hivyo, atanunua mpira mrefu wa kumwagilia.

Tulipoteza kazi. Tulirudi nyumbani na mikono yote miwili mizima.