Sulisuli wa Kaka na Sulisuli wa Mume

  

Kiganjo tunakoandikia makala haya ni hii ya Thika, jirani na Kiandutu, wala si ile ya Nyeri yenye kituo cha serikali cha kuzalisha trauti. Tumeeleza hivyo kwa sababu barua za wasomaji wetu wa Pwani zimewahi kupotea njia, na pia kwa sababu huyo trauti, aliye wa ukoo mmoja na salmoni wa nchi za baridi, ana neno lake katika habari ya leo. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, akatiwa katika mito ya Nyandarua ili walowezi wapate mchezo wa ndoana. Kumvua kulitaka leseni. Basi mkaazi wa kando ya mto akawa anamtazama samaki akipita mbele ya shamba lake, na samaki huyo ni wa mtu mwingine. Ugomvi wa anayevua kwa starehe na anayevua kwa chungu si mgeni katika nchi yetu, hata huku bara.

Lakini ugomvi uliotufikia sisi ni wa maji ya chumvi. Wiki tatu zilizopita, baada ya darsa ya kina mama, alibaki nyuma dada mmoja ambaye wengi hapa Kiganjo huijua harufu ya karai lake kabla ya kulijua jina lake. Ni mzaliwa wa Malindi. Hukaanga samaki jioni kando ya njia, na samaki wake si wa ziwani, wala si wale wa barafu waletwao kutoka Uchina. Hutumiwa kutoka kwao, ndani ya sanduku lenye barafu, kwa basi la usiku. Anayemtumia ni kakake wa baba mmoja mama mmoja, mwenye mashua na jarife. Mumewe naye ni baharia katika boti za uvuvi wa michezo huko Watamu. Huteremka Pwani kaskazi likiingia, akarudi Kiganjo kusi linapokaza na boti zile zikafungwa.

Tangu msimu uliopita, mume na kaka hawasalimiani. Sanduku limezidi kuwa jepesi, na kila mmoja anamtaja mwenzake kuwa ndiye sababu. Mume asema: jarife la shemeji halichagui, linameza sulisuli mkubwa na mchanga, na mgeni aliyelipa fedha nyingi kwa siku moja anarudi ufukweni mikono mitupu. Mwakani mgeni huyo haji, na baharia hana kazi. Kaka asema: shemeji yangu anawatumikia watu wanaoichezea riziki. Wanamkokota samaki hata achoke, wanapiga picha, wanamwachia, nao husifiwa kwa hifadhi. Mimi nikimleta nchi kavu akaliwa na watu, naitwa mharibifu.

Dada yule akatuuliza maswali mawili kwa pumzi moja. "Maalim, huyu samaki ninayemkaanga ni halali? Na mshahara wa mume wangu, je?"

La kwanza halikutuchukua muda. Windo la bahari ni halali, na katika madhehebu yetu ya Shafi hata samaki aliyekufa wavuni hana neno. Karai lake ni safi. La pili tuliomba muhula, tukaenda kusoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Uvuvi wa michezo katika maji yetu ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alivua Malindi mwaka 1934, na Watamu pana hoteli yenye jina lake mpaka leo. Wazee wetu wanakumbuka jinsi sulisuli na nduaro walivyotundikwa kwa mikia kwenye miti ya klabu, mgeni akasimama kando akipigwa picha. Siku hizo hakuna aliyezungumza habari ya kuachia. Desturi imebadilika. Tangu miaka ya 1980 mabaharia wa boti hizo wamekuwa wakimchoma samaki alama yenye nambari mgongoni, wakamrejesha majini, ili atakayemvua tena atoe habari. Kazi hiyo leo inasimamiwa na Wakfu wa Afrika wa samaki wa jamii hiyo, wenye makao Watamu. Kwa njia hiyo watu wamejifunza mwendo na makuzi ya sulisuli, elimu ambayo sisi wenyewe, pamoja na karne zote za kumla, hatukuiandika.

Je, ni ruhusa kumtesa kiumbe kwa ajili ya furaha, kisha kumwachia? Wanazuoni wetu wamelitenga windo la haja na windo la upuuzi. Msomaji anakumbuka hadithi ya shomoro aliyeuawa pasipo faida, atakayemshitaki muuaji wake kwa Mola wake. Sisi hatuoni raha na mchezo huu, tunalisema wazi. Samaki hutoka kwenye ndoana amechoka, na baadhi yao hufa baada ya kuachiwa, mahali ambapo mwenye kamera haoni. Anayesema "mimi siui" hajasema kweli yote. Hata hivyo, baharia aliyeajiriwa kushika usukani, kutia chambo na kumrudisha samaki majini kwa upole, hatukuthubutu kumwambia mkewe kwamba mshahara wake ni haramu. Chombo hichohicho huleta jodari na nguru waliwao, na alama zile zina manufaa. Tulimjibu kwamba kazi ya mumewe ina karaha ndani yake na ina kheri ndani yake, na kwamba adabu ya mkono wake ndiyo itakayoamua kipi kimezidi.

Tukageukia jarife. Ni wavu mrefu wenye matundu mapana, hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kaka yule, tulipozungumza naye kwa simu, alituambia maneno ambayo hatujaacha kuyafikiri: "Maalim, mimi simtafuti sulisuli. Mimi natafuta jodari na papa. Sulisuli hujitia mwenyewe."

Hujitia mwenyewe. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha watu wa Sabato kilichomo katika Suratul A'raf, wale wenyeji wa mji wa kando ya bahari waliokatazwa kuvua siku moja, na siku hiyo ndiyo samaki wakaja juu ya maji kwa wingi. Wafasiri wanaeleza kwamba walitega kabla ya siku ile na wakavuta baada yake, wakasema hawakuvua. Tunawakumbuka kwa hila yao, na mara nyingi tunasahau kwamba mji ule ulikuwa na makundi matatu: waliovunja amri, waliowakataza, na waliowauliza wakatazaji kwa nini wanajisumbua. Kundi hili la tatu hutushughulisha zaidi kila tunapokisoma kisa hiki mbele ya kina mama, kwani halikuwa na wavu wala chombo. Labda lilikuwa na karai.

Kaka ana hila yake na mume ana yake. Mmoja hakumtafuta, mwingine hakumuua, na samaki amepungua.

Lakini tungewadhulumu wote wawili tungeishia hapo. Kuna jambo lilitokea ambalo watu wa Malindi wenyewe ni mashahidi. Miaka ile maharamia wa Kisomali walipotanda baharini, karibu na mwaka 2010, meli kubwa za kigeni za kuvua jodari ziliyakimbia maji haya kwa hofu. Habari zikaandikwa hata ng'ambo: wavuvi wa Malindi wanapata samaki kuliko miaka iliyotangulia, na mabaharia wa boti za michezo nao wanasema bahari imejaa. Jarife na ndoana vilishiba msimu mmoja, wala hapakuwa na shemeji aliyemlaumu shemeji. Hatumsifu haramia, aliyekuwa mwizi na muuaji. Tunasema tu kwamba hofu yake ilionyesha kitu ambacho vikao vingi havikukionyesha.

Meli hizo, nyingi za Uhispania, Ufaransa na Ushelisheli, huzungusha nyavu ambazo mashua ya Malindi ingepotea ndani yake, na hutupa maboya yenye mitambo ili samaki wakusanyike chini yake. Mbali zaidi, kuelekea Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, nyavu za kutega ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sulisuli na nduaro wa Bahari ya Hindi nzima. Umoja wa Mataifa ulizipiga marufuku nyavu za kuelea zenye urefu unaozidi kilomita 2.5 katika bahari kuu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ni nani alalaye huko kuzipima? Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyo Ushelisheli na ambayo Kenya ni mwanachama wake, ilitangaza mwaka 2015 kwamba jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi, na wataalamu wake wakasema vivyo hivyo juu ya nduaro wa milia. Mwaka 2018 Tume ikakataza kuweka chomboni samaki wa jamii hii asiyefika sentimita 60, akipimwa kutoka ncha ya taya la chini hadi panapogawanyika mkia. Sulisuli huweza kuzidi mita mbili. Mwenye sentimita 60 ni mtoto wa kunyonya, tukiruhusiwa kusema hivyo juu ya samaki. Katazo hilo ni dogo mno, na hata hilo ni wangapi katika madiko yetu waliowahi kulisikia?

Mnyonge akilalamika kwa pamoja husikilizwa mara nyingine. Wavuvi wadogo wa ghuba ya Ungwana waliteseka miaka mingi na meli za kukokota kamba, zilizowakatia nyavu na kumwaga baharini samaki wadogo waliokufa. Mwaka 2006 meli hizo zilisimamishwa, na ziliporudi baadaye zilirudi chini ya mpango na mipaka. Tunalitaja hili kwa ajili ya mashemeji wetu wawili, kwa maana nguvu wanayoitumia kulaumiana ingetosha kuandika barua moja.

Kisha kuna suala la nani aanze kujizuia. Tumewasikia watu wa boti wakisema sulisuli aliye hai ana thamani kubwa kuliko aliyekatwa vipande, kwa sababu mgeni hulipa hoteli, mafuta na baharia. Huenda ni kweli. Lakini thamani hiyo humfikia nani? Mke wa mwenye jarife haendi sokoni na picha ya mgeni. Anayemwomba maskini aache tonge lake ili yeye apate mchezo, basi kwanza na alipe tonge hilo. Sehemu ya ada za leseni na ya kodi za boti ifike katika vikundi vya usimamizi wa fukwe, vilivyowekewa kanuni tangu 2007, na ifike kwa hesabu inayosomwa hadharani. Hapo ndipo neno hifadhi litakapokuwa na uso wa kuonekana nalo dikoni. Mwenye jarife naye hana ruhusa ya kungoja mpaka alipwe ndipo amwachie mchanga aliye hai wavuni. Huyo ni amana ya wanawe mwenyewe.

Na karai? Mama karanga wa Pwani anajua kwamba tajiri mwenye friza huchukua samaki mkubwa, naye akabakiwa na wale wadogo. Hatuwezi kumwamrisha asinunue kilichobaki, ilhali watoto wanangoja. Tulichomwambia dada wa Kiganjo ni kwamba yeye hayumo katika kundi hilo la wanaobakiwa. Yeye huagiza. Sanduku lake hujazwa kwa neno lake, na kaka anayempenda dadake husikiliza neno hilo kuliko sheria iliyobandikwa ukutani. Aliuliza iwapo akikataa sulisuli mchanga atakuwa amemtukana kakake. Tukamwambia amweleze kwa upole, na asimtaje mumewe.

Alimpigia simu usiku uleule. Hatukuuliza walisemezana nini. Sanduku la Alhamisi iliyopita lilikuwa na jodari wawili, kolekole na nguru mmoja, na bei ya kipande ilipanda kidogo hapa mtaani, wateja wakanung'unika, wakanunua.

Mume bado yuko Watamu. Upepo ukigeuka atapanda basi kuja Kiganjo, na nyumba hiyo ina akika ya mtoto wa nne. Kaka amealikwa, na amesema atakuja na samaki wa walima. Dada ametuomba tufike mapema siku hiyo, kabla ya chakula, tukae baina yao.