Tusitiliane Dawa za Macho Bwenini

Mwanafunzi akiamka na jicho jekundu, haendi kwanza kwa mwalimu wa zamu wala zahanati. Huuliza bwenini, "Nani ana dawa ya macho?" Na dawa haikosekani: kichupa kilichobaki tangu mwaka jana, ambacho mtu mwingine alikinunua dukani kwa ugonjwa mwingine. Mimi naona desturi hii ni mbaya, na yafaa tuiache kabisa. Sisemi hivi kwa kusoma vitabu tu, bali kwa sababu jicho langu la kushoto limekwisha kulipa gharama yake.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika baridi ya mwezi wa Julai, nilishikwa na homa, na vidonda vya homa vikanitoka mdomoni. Baada ya siku chache jicho likawa jekundu, likauma, likatoa machozi, nisiweze kutazama mwanga. Rafiki yangu akanitilia matone yake kwa huruma. Siku tatu wekundu ulipungua, tukafurahi. Siku ya saba niliuona ubao kama umefunikwa na ukungu wa mashamba ya chai. Hospitalini daktari alinitia rangi jichoni, akanimulika, akaona kidonda chenye matawi kama mti, kilichokwisha kupanuka. Alisema ni kazi ya virusi vya herpesi. Kile kichupa kilikuwa na dawa ya steroidi.

Tangu siku ile nimetafuta kujua virusi hivi huingiaje. Kumbe havivunji mlango. Seli za konea, yaani kile kioo kiangavu cha mbele ya jicho, zina vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa kazi zake wenyewe. Kimoja huitwa nektini, na kazi yake ni kuzishikamanisha seli zisiachane. Kirusi kwanza hujishikiza kwenye nyuzi zilizo juu ya seli, ziitwazo heparani salfeti. Kisha protini yake iitwayo D huikamata nektini kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Hapo utando wa kirusi huungana na utando wa seli, na vilivyomo ndani yake vikaingia. Mlango huu wa nektini wataalamu waliutambua mwaka 1998. Seli iliyoingiwa hufanywa kiwanda cha virusi vingine, mwisho ikafa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wengi hupata kirusi hiki utotoni bila kujua. Hupanda kwa neva ya uso na kulala huko miaka mingi, na neva hiyo ina tawi la mdomo na tawi la jicho. Homa yaweza kukiamsha. Katika nchi yetu jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1987 madaktari Foster na Sommer walieleza habari za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea: zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua, na miongoni mwa visababishi vya vidonda vyao vilikuwamo herpesi na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mwaka 1992 madaktari Yorston na Foster walionyesha kwamba vidonda vya herpesi machoni vina uhusiano na malaria.

Sasa fikirini wenyewe. Dawa ya kuua bakteria haikiui kirusi. Steroidi huwatuliza askari wa mwili: wekundu huondoka, mgonjwa hudhani amepona, kumbe adui ameachiwa uwanja. Maji ya majani nayo huweza kuunguza konea na kuleta vijidudu vingine. Dawa ifaayo ipo, nayo ni asiklovia, ambayo huzuia kirusi kisijizidishe. Bibi Gertrude Elion, mmoja wa waliofanya kazi iliyoizaa, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Lakini ni lazima daktari alitazame jicho kwanza, kwa kuwa si kila jicho jekundu ni la herpesi.

Najua mtaniambia kwamba hospitali iko mbali, nauli hakuna, na mtihani u karibu. Ni kweli. Lakini mimi nilikosa vipindi vya majuma matatu, na kovu lingali juu ya kioo cha jicho. Nauli ya siku ya kwanza ingekuwa nafuu kwangu na kwa baba yangu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wanafunzi wenzangu, vichupa vya zamani tuvitupe. Waalimu wetu, jicho moja likiuma na kuogopa mwanga, hasa baada ya homa, mtupeleke hospitali siku ile ile. Wazazi wetu, mtoto akiwaomba nauli kwa ajili ya jicho, msimwambie angoje likizo.

Rafiki yangu simlaumu, maana alinipa alichokuwa nacho. Lakini angenishika mkono akanipeleka kwa mwalimu wa zamu, leo ningesoma ubao kwa macho mawili.