Toyota imepata gari, bado mtani

Msimu wa 2026 wa Supercars, mashindano makubwa ya mbio za magari nchini Australia, unaleta mgeni ambaye huku kwetu hahitaji utambulisho: Toyota. GR Supra itapambana na Ford Mustang na Chevrolet Camaro, na waandaaji wanatumaini jina hilo litaujaza uwanja. Matumaini hayo yana walakini.

Kwa miongo kadhaa mbio hizi zilikuwa Simba na Yanga ya barabarani. Huku Ford, kule Holden, chapa ya magari ya Australia, na mtoto alirithi upande kwa baba yake. Dereva Peter Brock alishinda mbio za Bathurst, kilele cha msimu, mara 9, zote kwa Holden. Mwaka 1979, akipokezana usukani na Jim Richards, alimwacha wa pili kwa mizunguko 6. Mbio hizo za Bathurst zinakofanyika, Mount Panorama, ni barabara ya umma ya kilomita 6.213. Siku za kawaida mwisho wa mwendo ni kilomita 60 kwa saa. Ikifika Oktoba, madereva huizunguka mara 161.

Kisha viwanda vya magari nchini humo vikafungwa: Ford 2016, Toyota na Holden 2017. Mwaka 2020 General Motors, iliyokuwa ikiimiliki Holden, ikatangaza kuizika kabisa chapa hiyo, na nusu ya jukwaa ikabaki yatima. Camaro iliyoletwa 2023 kuziba pengo haikuwa gari ambalo shabiki angelikuta limeegeshwa kwa jirani.

Hapo Toyota ina nafasi. Ndiyo inayoongoza kwa mauzo Australia kwa zaidi ya miaka 20. Ila mtu kununua Hilux kwa sababu haimwangushi njiani ni jambo moja; kununiana na shemeji kwa ajili yake ni jambo jingine kabisa.

Na usajili wa msimu huu unawachanganya mashabiki zaidi. Walkinshaw, timu iliyokuwa ya kiwanda cha Holden kwa miaka mingi, ilihamia Ford 2023 na sasa inakwenda Toyota pamoja na bingwa wa 2025, Chaz Mostert. Timu ya Triple Eight nayo imeitupa Chevrolet na kuikumbatia Ford. Wachezaji kuhama tumezoea; hapa ni klabu nzima inabadili jezi.

Supra yenyewe ina kichekesho chake. Ile ya dukani ilipata injini yake kutoka BMW, lakini ya mashindano imefungwa V8 ya Toyota. (Tanzania ukitaja V8, watu wanafikiria shangingi la mkubwa.) Chini ya bodi, chapa zote tatu zinatumia chasisi ya aina moja, na uwezo wake husawazishwa ili isiwepo ya kukimbia peke yake.

Usawa huo unasaidia ushindani, lakini hauzai chuki tamu ya watani. Kipimo cha Toyota hakitakuwa idadi ya vikombe vya mwaka wa kwanza. Kitakuwa siku ile mwenye kofia ya Toyota atakapopita jukwaani Bathurst na kuzomewa.